Beseni Tupu la Asubuhi

Jumanne, 6 Mei. Kitale.

Uji wa wimbi kwenye flaski, mayai ya kienyeji kwenye karai, sabuni. Nimetoka Kibomet kwa dada yangu Rosa kabla watoto wa shule hawajajaa barabarani. Matope mpaka kwenye vifundo. Nimefika Matisi kwa binti yangu viatu vizito, roho nyepesi. Mjukuu wangu ana siku nne leo. Ananyonya kwa fujo, hataki mchezo.

Nasimiyu yuko sawa. Uso umekonda kidogo, lakini yuko sawa. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimemlisha, nimemwogesha mtoto. Damu ya kawaida ya mzazi. Asubuhi beseni lilikuwa tupu, hakuna hata kitambaa kimoja cha kufua, kwa hivyo usiku ulikuwa mzuri. Mungu ni mwema.

Kinachoniudhi ni maji. Jana jioni niliacha mtungi mkubwa umejaa. Leo nimekuta tone tu. Huyu mkwe wangu anaoga mara ngapi? Kazi yake ni kupeleka saruji na misumari kwa wateja wa duka la hadiwea, si kuchimba makaa. Nimeenda bombani mwenyewe na mgongo huu ulioharibiwa na cherehani.

Jioni honi ya mkwe wangu imelia mara mbili pale kona. Hiyo ndiyo alama yetu. Nimejifunga leso nikatokea mlango wa jikoni. Yeye anaingilia mbele, mimi natokea nyuma. Tangu amwoe binti yangu sijawahi kumpa mkono. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe hawagusani, hawali pamoja, na siwezi kulala chini ya paa lake hata mvua ije na mawe. Ni heshima. Ndiyo maana nalala kwa Rosa nikimsikiliza akikoroma.


Alhamisi, 8 Mei

Mtungi mkavu tena. Nimemwambia Nasimiyu amwambie mumewe kwamba maji hayaoti ukutani. Ameangalia pembeni. "Sawa, Mama." Basi.

Na vitambaa vinapungua. Nilimshonea mwenyewe kabla hajajifungua, kwa mashuka ya zamani, nikavipiga pindo kwa uzi wa buluu. Pedi za dukani zinamchubua. Leo kabatini nimekuta vichache sana. Nimeenda kwa jirani, yule mama mwenye kuku wengi kuliko adabu, nikamuuliza kama ameviona. Ameapa na Biblia mkononi. Sikumwamini. Mtu mzima, unaiba kitambaa cha mzazi ukifanyie nini? Watu wameharibika.


Jumamosi, 10 Mei

Ajabu. Vitambaa vimerudi. Vyote, vimekunjwa vizuri kabatini. Kelele yangu imemfikia mwizi. Yule jirani hajanisalimia leo, na mimi sijamsalimia.

Nasimiyu midomo imepauka. Ameinuka kwenda chooni akashika ukuta. Ati ni usingizi, ati mtoto analia usiku kucha. Kitambaa cha mchana kimelowa kuliko cha jana. Nimemuuliza, na usiku je? "Usiku ni kidogo tu, Mama." Beseni lilikuwa tupu, kwa hivyo nimekubali.

Lakini sipendi rangi yake. Sipendi kabisa.


Jumapili, 11 Mei

Kanisani Kibomet nimemwombea kwa sauti mpaka watu wamegeuka. Baada ya ibada Rosa na wamama wenzake wamenizunguka. Rosa anasema hiyo ni damu chafu ya miezi tisa, iachwe itoke yote, ikibaki ndani itampanda kichwani. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa. Ati nimkande kwa maji ya moto zaidi, isukumwe.

Rosa amezaa saba. Mimi nimezaa huyu mmoja, na baada yake hakuja mwingine. Kwa hivyo kwenye mambo ya uzazi nikifungua mdomo naambiwa ninyamaze. Nimenyamaza. Nimeenda Matisi nikamkanda.

Ninaye huyu mmoja tu. Naogopa.


Jumatatu, 12 Mei

Damu nyekundu. Nyekundu mbichi, baada ya siku hizi zote. Yangu wakati ule ilikuwa imeshageuka rangi, hilo nakumbuka hata kama nilizaa mara moja.

Nimesema twende kituo cha afya. Amekataa. Siku ya kuzaa muuguzi alimfokea ati anapiga kelele kama mbuzi, na sasa hataki kuwaona. Tumebishana mpaka mtoto ameamka. Nimemwambia kesho tunakwenda, akitaka asitake, nitambeba mgongoni kama zamani.

Mtungi mkavu. Sijasema kitu. Nimechoka kuwa mama mkwe mbaya kwa sababu ya maji.


Jumanne, 13 Mei

Tumeenda. Muuguzi mwingine leo, kijana, mpole, amemwita Nasimiyu "dada". Amemuuliza damu ni kiasi gani, mchana na usiku. Nimejibu mimi. Mchana vitambaa kadhaa, usiku hakuna, beseni la asubuhi huwa tupu. Nimejibu kwa ule mdomo wangu wa mtu anayejua.

Amemgeukia Nasimiyu. "Ni hivyo, dada?" Nasimiyu ameinamia mtoto. "Mama ndiye anafua," akasema.

Muuguzi amembonyeza tumbo akakunja uso. Anasema kizazi bado kiko juu, kilipaswa kuwa kimeshuka. Apigwe picha ya tumbo. Mashine ya picha ni Alhamisi. "Kwa kuwa usiku ni mkavu, tutangoja hiyo Alhamisi," amesema, akatupa vidonge vya kuongeza damu. Kisha ametuketisha akatueleza, na nimeyashika. Damu ya mzazi inatakiwa kupungua kila siku. Inaanza nyekundu, inakuwa ya kahawia, mwisho inakuwa kama maji. Ikiongezeka ikiwa bado nyekundu, au ikilowesha kitambaa kwa muda mfupi, au likitoka donge kubwa kuliko yai, au akiona giza, msingoje asubuhi, msingoje mtu, mje.

Nimemuuliza kuhusu damu chafu. Amecheka kidogo, si kwa dharau. "Hakuna damu chafu, Mama. Ni damu yake tu, na anaihitaji." Nilitamani Rosa angekuwa pale.


Jumatano, 14 Mei. Mchana.

Amekula vijiko viwili vya uji. Amelala. Mikono yake ni baridi na nje kuna jua. Mtoto analia, maziwa hayamtoshi. Jirani wa kuku amepita mlangoni akaangalia ndani, akaondoka.

Kesho picha. Kesho.


Alhamisi, 15 Mei. Benchi la hospitali, asubuhi.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga mtu.

Ilikuwa jana jioni, karibu na saa yangu ya kuondoka. Nasimiyu amesimama katikati ya sebule akaniambia, "Mama, kuna kitu kimetoka." Donge. Kubwa kuliko yai. Halafu damu ikaja. Sijawahi kuona damu hivyo, na nimeona ng'ombe wakichinjwa. Imeshuka miguuni mpaka sakafuni bila kupumzika. Nimemlaza chini. Nimeweka kitambaa, kikalowa. Cha pili, kikalowa. Nimevua leso yangu nikaikunja nikaweka, na yenyewe ikalowa. Macho yake yakapanda juu. Nikapiga mayowe. Jirani wa kuku amekuja mbio bila viatu, yule yule niliyemwita mwizi, akamchukua mtoto kifuani.

Honi ikalia mara mbili pale kona. Nikasema asante Yesu. Nikangoja mlango ufunguke.

Haukufunguka. Nikasikia hatua zake nje. Zinakuja, zinasimama, zinarudi. Viatu vyangu viko mlangoni, ameviona. Anajua niko ndani. Anangoja nitokee jikoni ndio aingie. Jamani! Binti yangu anakauka sakafuni na huyu mtu yuko nje ananiheshimu!

Nimemwita jina. Jina ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu. "Wafula! Ingia!"

Halafu sauti ndogo. "Mama, bado uko ndani. Nikiingia…"

"Ingia wewe! Anakufa!"

Ameingia macho yakiwa chini, kwa adabu, na kwa sababu yalikuwa chini kitu cha kwanza alichokiona ni ile sakafu.

Pikapu ya kazini haiwezi kuingia kwenye kichochoro, ni matope matupu. Machela hakuna. Tukashikana. Mkono wangu kwenye kifundo cha mkono wake, wake kwenye wangu, pande zote mbili, Nasimiyu akalala juu ya mikono yetu. Mikono ya mkwe wangu ina saruji kwenye kucha. Sikufikiria mila hata kidogo. Nilifikiria jinsi mtoto wangu alivyokuwa mwepesi.

Ndani ya pikapu kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu, miguu tumeiinua juu ya gunia. Natafuta kitu kingine cha kumwekea. Nimepeleka mkono chini ya kiti nikagusa mfuko wa gunia, una majimaji. Nimeuvuta. Vitambaa. Vimefuliwa, vimekamuliwa, havijakauka. Vingi. Vina pindo la uzi wa buluu.

Nimevishika tu. Gari linaruka kwenye mashimo na mimi nimeshika vitambaa.

"Sikutaka uvikute kwenye beseni, Mama," amesema bila kugeuka. "Vitu vya chumbani kwetu. Ni aibu. Nilikuwa naamka alfajiri nafua, naanika nyuma ya duka, nikirudi navirudisha kabatini. Nilimwambia Nasimiyu asikwambie. Nilidhani mchana huwa ni kidogo. Nilidhani wewe unaona."

Maji. Hayo ndiyo maji. Hakuna mwizi, hakuna mtu wa kuoga sana, na hakuna usiku hata mmoja uliokuwa mkavu. Mchana ulikuwa wangu, usiku ulikuwa wake, na sisi wawili tulipishana mlangoni kila jioni na kila mmoja amebeba nusu.

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumshika bega, kwa sababu ni wanaume wangapi ninaowajua mimi wanaoamka gizani kufua damu ya mke? Nimemwambia, "Endesha."

Mlangoni hospitalini muuguzi ameuliza kiasi gani. Nimesema mchana. Wafula amesema usiku. Muuguzi ametuangalia, mimi, yeye, mimi. "Na hamkuambiana?"

Wamemjia wengi kwa mara moja. Mmoja ameweka mkono tumboni akawa anasugua kwa nguvu, ati kizazi kikaze. Mmoja dripu mkono huu, mwingine dripu mkono ule. Sindano pajani. Dawa ya kugandisha damu. Mpira wa mkojo. Blanketi juu ya blanketi kwa sababu alikuwa baridi kama sakafu. Daktari, msichana mwenye viatu vya raba, ametuambia wamejua shida. Siku ya kuzaa kipande cha kondo la nyuma kilibaki. Kizazi kinazuia damu kwa kujikunja na kujifunga, na hakiwezi kujifunga kama kuna kitu ndani, kama mlango uliobanwa na kiatu. Wamemwingiza chumba cha upasuaji wakamtoa hicho kipande.

Bado ikatoka. Daktari amerudi akaagiza kondomu. Mimi nimemwangalia. Akanieleza haraka haraka. Wanaifunga kwenye mpira mwembamba, wanaiingiza kizazini, wanaijaza maji mpaka inavimba na kukandamiza pale panapovuja. Hivyo tu. Mimi, mama wa kanisa, niliyewahi kumtimua mwenye duka kule kwetu Matulo kwa kuzipanga karibu na mikate, nimesimama kwenye korido nikaiombea kondomu. Shika, nimeiambia. Shika hapo hapo.

Imeshika. Inavuja kidogo, lakini imeshika. Nasimiyu ni mweupe kama unga. Wanasema sasa shida ni damu aliyoimwaga.


Alhamisi, 15 Mei. Jioni.

Kundi lake la damu ni lile la nadra. Walikuwa na painti moja, imeisha. Mimi nina kundi hilo hilo. Nimekunja mkono wa nguo, nimenyoosha mkono, chukueni. Wamepima presha, wamekataa. Nimewaambia presha ni yangu na mimi ndiye nimeamua. Wamekataa. Nimewaambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Wafula kundi lake si hilo. Ameuliza mara kadhaa kama hakuna namna. Hakuna namna.

Mtu wa maabara amepiga simu huku na huku. Bungoma wanayo. Gari la hospitali limetoka na mgonjwa mwingine. Wafula amesema, "Pikapu iko." Halafu akakumbuka si yake. Amempigia mwenye duka, yule Kalasinga mzee, Harjit. Nimesikia sauti ya mzee kwenye simu, kali kama siku zote. "Gari ni chuma tu, Wafula. Unaniuliza nini? Nenda!" Wameondoka, yeye na mtu wa maabara na lile boksi la barafu katikati yao. Mvua ilikuwa imeshaanza.

Barabara hiyo ni ya nyumbani, naijua. Kiminini. Kamukuywa. Misikhu. Webuye. Halafu Bungoma. Halafu yote tena kurudi. Nimekaa kando ya kitanda nikisafiri nao kichwani, na kila nikiwafikisha Webuye naona bado wako Kiminini.

Nasimiyu anapumua haraka. Moyo wake unaonekana shingoni. Nimemwita, amefungua macho, ameuliza mtoto. Nimesema yuko kwa jirani, anakunywa maziwa. Amesema, "Mama, usimgombeze Baba Mtoto." Amelala tena. Nimeomba vibaya leo. Nimemwambia Mungu akimchukua huyu asinitafute kanisani.

Daktari amekuja. Amechuchumaa mbele yangu, ameongea polepole. Lile puto la kondomu likishindwa, damu ikianza upya, watalazimika kukitoa kizazi. Ni kizazi au ni yeye. Mume hayupo. Nimetafuta namba ya mkwe wangu kwenye simu ya Nasimiyu. Sijawahi kumpigia. Nimempigia. Nimesikia mvua na vifagio vya kioo. Nimemwambia kama nilivyoambiwa, bila kuficha neno lolote, kizazi, damu, yote.

"Mama, mimi nataka Nasimiyu. Hayo mengine tuyaache."

Nimeweka sahihi. Karatasi imelowa nilipoishika.


Ijumaa, 16 Mei

Walifika. Nimemwona akikimbia kwenye korido na boksi kifuani kama amebeba mtoto, maji yanamtiririka. Mtu wa maabara nyuma yake hana pumzi. Wameipima, wameiunganisha. Nimeangalia tone la kwanza likishuka kwenye mpira. Kisha jingine. Nikaanza kuhesabu matone.

Leo painti ya pili. Midomo imerudi kuwa midomo. Jirani amemleta mtoto, amemlaza mwenyewe kwenye titi la Nasimiyu, kwani muuguzi anasema kunyonya hukaza kizazi. Mtoto hajui lolote. Amenyonya kwa fujo.

Mchana wameanza kupunguza maji kwenye puto, kidogo, wanangoja, kidogo tena. Wafula mwisho huu wa benchi, mimi mwisho ule. Muuguzi yule wa mlangoni ametuita wote wawili. Ametuonyesha kitambaa kilicho chini ya Nasimiyu. "Sisi tuna wagonjwa wengi. Nyinyi mtaangalia hiki. Pamoja. Mkiona kinajaa mnaniita."

Pamoja. Uso wangu umewaka moto. Yeye ameangalia dirisha. Hakuna mkwe duniani anayesimama na mama mkwe wake kuangalia kitu kama hicho. Halafu nimekumbuka lile gunia chini ya kiti. Nimeinua shuka. Tumeangalia.

"Ni kidogo," amesema.

"Ni kidogo," nimesema.

Tumefanya hivyo mpaka jioni. Puto limetoka. Kitambaa hakijajaa. Kizazi bado anacho. Sina nguvu hata ya kushukuru.


Jumapili, 18 Mei

Rosa amekuja na mchuzi wa kuku na habari. Matulo wamesikia. Ati mama mkwe ameshikana mikono na mkwe, ati wamekaa gari moja, ati wameangalia mambo ya mzazi pamoja. Wazee wanasema itabidi kondoo, tutakaswe.

Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimelia, yote mbele ya mgonjwa. Nimemwambia Rosa ile damu chafu yake ilikuwa ni mtoto wangu akitoka tone kwa tone. Nimemwambia ule ukandaji wake wa maji ya moto aupeleke kwa ng'ombe. Rosa ameweka sufuria chini akalia pia. Si mtu mbaya, dada yangu. Aliambiwa hivyo na mama yetu, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikisikia.

Baadaye nimemwambia kondoo sawa. Achinjwe. Supu yake ataletewa Nasimiyu. Rosa amejipangusa akasema hiyo haiko kwenye mila. Nikamwambia sasa iko.

Nimemwomba jirani msamaha pia, mbele ya kuku wake wote. Amesema, "Mama, wacha tu." Lakini nimemwona amefurahi.


Jumatano, 21 Mei

Ameruhusiwa. Vidonge, maini, mboga za majani, kurudi kupimwa wiki ijayo. Mtoto amepewa jina, Naliaka, kwa sababu ni wakati wa palizi.

Mila imerudi mahali pake, au karibu na pale. Jioni honi imelia mara mbili, nimejifunga leso. Lakini sikutoka mara moja. Nimesimama mlango wa jikoni na yeye akasimama mlango wa mbele, ukuta katikati yetu, nimemwambia kwa sauti: vitambaa viwili leo, rangi ya kahawia, hakuna donge, amekula vizuri. Halafu, "Nimesikia, Mama. Asubuhi nitakuachia vya usiku kwenye beseni."

Nimetembea mpaka Kibomet nikilia njia nzima, na mvua haikuwepo ya kusingizia.


Ijumaa, 30 Mei. Matulo.

Nimerudi nyumbani. Magugu yamekua kuliko mahindi. Cherehani ina vumbi. Asubuhi nimepalilia mistari michache, mgongo ukalalamika, nikaketi kwenye jembe.

Simu imelia saa ile ile. Mkwe wangu hupiga kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Mwanzoni alikuwa anaanza na mvua, na bei ya mahindi, na afya ya ng'ombe wangu, mpaka nikamwambia Baba Naliaka, tuanze na Nasimiyu. Sasa anaanza na Nasimiyu. Leo amesema mgonjwa wetu ameamka mwenyewe kuchemsha chai na ametaka kufua, amekatazwa. Mtoto anacheka usingizini. Damu hakuna tangu juzi, ni yale maji tu, na jana jioni hata hayo hayakuwepo. Nimemuuliza nani ameangalia. Amesema wameangalia wote wawili.

Na beseni?

Tupu, Mama.

Neno hilo bado linanishtua. Nafikiri amejua, kwa sababu nimesikia akitembea, mlango, kisha kifuniko cha plastiki kikifunguliwa.

"Mtungi umejaa, Mama. Hatujagusa maji."

Nimemwambia vizuri, aende kazini. Nimeinuka nikaendelea na palizi.